Shubiri ya Mboni

Kila nyumba ilikuwa na Jicho ukutani, na hatima ya mtoto iliamuliwa katika taarifa ya habari ya jioni. Picha zilizonaswa na Jicho zikishaonyeshwa, wazazi wote wa mji hubonyeza simu: abaki, au aondolewe.

Mboni alikuwa akimwachisha ziwa binti yake, Sanura. Alijipaka shubiri kifuani, kama mama yake alivyofanya, na bibi yake kabla yake. Mtoto akaonja, akakunja uso, akaangua kilio. Mboni akambeba, akamnywesha uji, akambembeleza mpaka akalala.

Taarifa ikaonyesha shubiri na kilio. Uji haukuonekana. Sanura akachukuliwa hata vyombo vya chakula cha jioni havijaoshwa.

Asubuhi jirani yake, Mama Hidaya, akasimama mlangoni, macho chini. "Shoga, hata mimi nilijipaka. Nani hakujipaka?"

"Na ulibonyeza nini?"

"Jicho lilikuwa linanitazama, mwenzangu. Nami nina wangu."

Jioni hiyo taarifa ikamwonyesha Mama Hidaya mwenyewe, sindano mkononi, Hidaya akipiga mayowe. Mwiba uliokuwa unyayoni haukuonyeshwa. Mboni aliujua mwiba ule. Yeye ndiye aliyeushika mguu.

Akasahau kinyongo. Akaikamata simu kwa mikono miwili, akabonyeza "abaki", akabonyeza tena.

Simu ikamjibu kwa sauti ya upole: "Samahani. Kura hii ni ya wazazi tu."

Mboni akajitazama kifuani. Kanga ilikuwa imelowa maziwa.