Zege Mlangoni kwa Mwanaasha

Mwanaasha alipoikaribia mashine, Muharami alivuta helmeti hadi kwenye nyusi, akageuza uso, akabaki kuutazama mnazi. Hata salamu hakutoa.

Nasrin, injinia wa barabara ya Kaole, aliona haya kwa niaba yake. Siku zote mdomo wa dereva huyu ulishindana kelele na injini. Leo amekuwa bubu, tena mbele ya mtu mzima! Amenuna tangu asubuhi, alipoomba ruhusa ya mchana na Nasrin akamkatalia bila hata kuuliza ya nini. Mashine ya kutandaza zege ikishaanza haisimami. Ikisimama, zege hugandia tumboni mwake, na pale iliposimama barabara hupasuka. Nasrin hakuwa tayari kwa hilo. Barabara hii ilikuwa kifungua mimba wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba ile yenye maturubai ni yangu. Leo namwoza Zuhura."

Moyo ulimruka Nasrin. Zege lilikuwa limeshapita mlangoni pale, bichi kama uji, na wageni wangekuja na matarumbeta na viatu vya visigino.

"Hongera, mama. Lakini nakuomba sana, asilikanyage mtu. Wote wazungukie shambani, hata bwana harusi."

"Kwani nyie mtamaliza saa ngapi?"

"Alasiri, inshallah."

"Basi na sisi tutaoza alasiri." Mwanaasha alicheka. "Subira yavuta heri."

Nasrin nusura amkumbatie. Mama gani huyu, harusi yake kufungiwa mlango na bado anacheka!

Mchana aliwaletea sinia la biriani. La dereva lilikuja peke yake, limefunikwa kwa kawa jipya. Mtu kakataa kumwamkia, na bado analishwa vinono! Muharami alikula kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye usukani, huku wafanyakazi wenzake wakichekelea chinichini. Nasrin aliwakemea wafanye kazi.

Wageni walizungukia shambani, kina mama wamepandisha madira hadi magotini, vigelegele vikisikika katikati ya mihogo. Hakuna aliyeligusa zege. Baada ya adhana ya alasiri Muharami alifika mwisho wa barabara, akazima injini. Nyuma yake zege lilinyooka, halina hata kovu, na Nasrin alitamani kupiga kigelegele chake mwenyewe.

Kwa furaha hiyo alimwendea Shehe Mwinjuma, mfungishaji ndoa, aliyekuwa amesimama kando ya barabara na nguo nyeupe imekunjwa mkononi.

"Shehe, poleni kwa usumbufu. Sisi tumemaliza. Bwana harusi bado tu hajafika?"

Shehe alimtazama kwa mshangao. Kisha akaikunjua ile nguo, kanzu ya harusi, akaiinua juu kuelekea kwenye mashine.

"Haya, Muharami, shuka ukaoge. Zuhura amechoka kukungoja."