Kona ya Boksi

Kwenye meza yake katika maonyesho ya kuuza bunduki, Delbert aliligeuza boksi la bastola ili nisome namba iliyoandikwa chini yake kwa penseli ya nta.

"Wauzaji wenzangu wanasema limeghushiwa," alisema. "Hebu waumbue, mama. Mji mzima wa Tulsa, wewe ndiye unayeyajua maboksi."

Namba ililingana na ya kwenye kitako cha bastola. Karatasi ya ndani ilikuwa na doa la mafuta lenye umbo la mtutu, doa la miaka mingi, lisiloweza kuigwa.

Kisha kidole changu kikagusa kona moja iliyotafunwa.

"Panya hao," akacheka. "Usinishushie bei kwa ajili ya panya."

Hazikuwa alama za panya. Mdogo wangu aliitafuna kona hiyo alipokuwa akiota meno, na baba akamnyang'anya huku akicheka. Aliyempiga baba risasi ya shingo jikoni kwetu aliondoka na bastola hiyo pamoja na boksi lake. Damu ilichanganyika na maziwa sakafuni.

"Umelipata wapi?"

"Nililinunua dukani likiwa jipya, pamoja na bastola yake, ujanani. Halijawahi kutoka mikononi mwangu, haki ya Mungu."

Wauza bastola wote husema hivyo ili bei ipande, hata kwa kitu walichokinunua jana. Nilijua hilo.

"Ni halisi," nikamwambia. "Kata kamba ya plastiki waliyoifungia bastola pale mlangoni isitiwe risasi, nisome namba iliyo nyuma ya silinda."

Akaikata mwenyewe, akanikabidhi bastola. Kwenye meza ya jirani kulikuwa na bakuli la risasi za kuuza. Nikachukua moja.

Delbert alikuwa bado anatabasamu, akingoja nimtajie bei.