Gari la Pundamilia la Kuvukia Matope

Palitokea Pundamilia aliyeunda gari la kifahari la kuvukia matope: magurudumu kama mapipa, viti vya ngozi, ya nani hakusema. Siku ya kwenda kumposa binti aliyemkosesha usingizi, alimpakia Punda, mshenga wake. Bondeni wakakuta matope. Pundamilia akafunga breki.

"Bwana, mbona umesimama?" akauliza Punda. "Si ndiyo matope yenyewe haya?"

"Yatalichafua! Wakwe watanionaje? Tangulia, waambie wasubiri yakauke."

Punda akavuka kwa miguu, akafika amechafuka hadi masikioni, akatoa ujumbe. Binti akamtazama, akacheka. "Baba, kwani aliyefika si huyu?"

Matope yalikauka siku ya nne. Pundamilia akaingia na gari linalometameta, akakuta pilau inapakuliwa. Wakamwomba awabebe maharusi, kwa kuwa kweli lilikuwa safi.