Ubao Mtupu

Yule mama alikuwa amekamata kiti mpaka vidole vikapauka. Risper, aliyekuwa akimsuka mteja mwingine kando yake, akajua dawa ya kulainisha nywele imeanza kumchoma.

Akaangalia ubao. Katika saluni ile ya mtaa wa Kawangware 56, Nairobi, ukimpaka mteja dawa unaandika saa kwa chaki, ili yeyote aliye karibu ajue wakati wa kumwosha. Ubao ulikuwa mtupu. Msusi mkubwa hakuwa mtu wa kuandika. Alimpaka mama wa watu, akavuka barabara kwenda kunywa chai.

"Mama, umekaa na hiyo dawa dakika ngapi?"

"Sijui. Ameniambia nivumilie."

Wiki iliyopita Risper alimwosha mteja wa mkubwa huyo, akaitwa mwizi wa wateja mbele ya saluni nzima, na mwenye saluni akaendelea kuhesabu pesa zake. Kwa hivyo akainamisha kichwa, akasuka mistari miwili zaidi.

Kisha yule mama akaanza kulia.

Risper akamvuta hadi kwenye sinki, akammwagia maji jagi baada ya jagi. Nywele zikamfuata mkononi, fungu zima, na zilipotoka ngozi ilikuwa nyekundu kama nyama.

Mkubwa akaingia akijipangusa mdomo. "We Risper, nani amekutuma kwa mteja wangu?"

Risper akamshika mkono, akakifungua kiganja, akazibandika humo zile nywele zilizolowa. Halafu akachukua chaki.

"Ulimpaka saa ngapi?" akauliza. "Sema, niandike."