Magodoro ya Kwa Riziki

Lori la kiwanda cha sabuni, limejaa magodoro, liliposimama mlangoni, Bi Mashavu alitoka mbio huku akijifunga kanga. Alikuwa akilea wazee wasio na jamaa, na kwa muda mrefu alikuwa akikiomba kiwanda kimkumbuke.

"Shikamoo, mama," dereva alisema. "Kwa Bi Riziki, wanakolea wazee, ni wapi?"

Wivu ulimchoma. Riziki alijifunza kazi hiyo kwake, kabla hajaenda kufungua kituo chake chenye rangi mpya na kibao. Bi Mashavu alitamani kusema hamjui. Hata hivyo alipanda lori, akamwelekeza.

Riziki alimkumbatia Bi Mashavu mbele ya meneja wa kiwanda, aliyekuwa akilisubiri lori. "Huyu ndiye aliyenifunza kumgeuza mgonjwa kitandani!"

Meneja alitabasamu, kisha akamgeukia Riziki na kuendelea kuusifu ushirikiano wao.

Bi Mashavu hakungoja hotuba. Alishika pembe ya godoro moja, akamsaidia dereva kuliingiza ndani. Lilikuwa nene na laini, lingali linanukia upya. Alimfikiria Mzee Shomari, aliyekuwa akilala juu ya magunia kwake tangu mvua zianze.

Walilitandaza kitandani, dereva akatoka. Riziki aliingia akimwongoza kwa mkono mzee mmoja aliyekonda.

"Liachie sasa, Bi Mashavu, tutandike shuka," alisema kwa upole.

"Naliachia."

Lakini vidole vyake vilikuwa bado vimelikamata, na yule mzee, miguu ikimtetemeka, alikuwa akimtazama, akingoja kulala.