Fundo la Kanga

Mashine ya presha ilipoachia mkono wa Bibi, nesi akanikazia macho mimi.

"Kabla hajapasuliwa presha ilikuwa nzuri. Leo imepanda hivi! Wewe ndo unamletea mlenda wa chumvi?"

"Hapana." Sauti hata mimi sikuisikia.

Nesi akamgeukia Bibi. "Bibi, kidonda kinauma? Maumivu nayo hupandisha presha."

"Hakiumi, mjukuu wangu. Dawa zenu kiboko!"

Alicheka, lakini jasho lilimtoka juu ya mdomo, na mkono wake mmoja ulikuwa umeng'ang'ania pindo la kanga tangu asubuhi. Nikainama kama namfunika. Pindoni kulikuwa na fundo. Nikalibonyeza. Vidonge. Dawa zote za maumivu alizopewa, hajameza hata kimoja.

"Dorkasi, nyamaza," akaninong'oneza. "Babu yako kule Nzuguni magoti yanamuua. Hizi zake."

Nesi alishafika mlangoni. "Namwita daktari amwongezee dawa ya presha."

Bibi akanibana kidole, akakibana kwelikweli.

"Nesi, shikamoo," nikasema.

Akageuka. "Si umeshaniamkia wewe?"

Nikaanza kulifungua fundo.