Gauni la Sorcha

Mnunuzi wa kwanza alikuwa tayari kutoa euro elfu moja na mia mbili, ila asingeweza kufika kabla ya Jumapili. Assumpta Geraghty akamkatalia. Akamkubalia wa pili kwa mia nane, kwa sharti moja: aje Ijumaa hiyo hiyo, na awe ameshaondoka kabla ya saa kumi.

Saa nane na nusu Noreen Tuohy aliegesha gari mlangoni. Alikuwa ametoka Ballina, mvua ikimsindikiza njia nzima. Mwanamke mnene, mwepesi wa maneno, futi ya kupimia inamning'inia shingoni kama fundi cherehani.

"Binti nimemwacha shule, ila vipimo vyake ninavyo," alisema, akipapasa mfuko wa koti. "Huyu ni wangu wa tatu kucheza ngoma za mashindano. Nguo hizi zimenizeesha, dada."

Assumpta alimwingiza sebuleni. Gauni lilikuwa limetandazwa juu ya kochi: la kijani kilichokolea, sketi yake ngumu kama ubao, vijiwe vya kung'aa kutoka kifuani hadi kiunoni. Lilipokuwa jipya, miaka miwili nyuma, lilimgharimu Assumpta euro elfu mbili na mia nne. Kwa mwaka na nusu alifua mashuka ya hoteli alfajiri, kabla ya kwenda kwenye kazi yake ya kila siku. Mtaa mzima ulijua anafua kwa ajili ya nini. Sorcha, bintiye, naye alijua.

Noreen hakuhangaika na vijiwe. Alianza kwa kunusa makwapa. Kisha akaligeuza gauni ndani nje, akaangalia kitambaa cha ziada kilichoachwa kwenye mishono, akapima kutoka begani hadi kiunoni, akarudia tena. Ndipo akalipeleka dirishani kutafuta mahali palipodondoka vijiwe.

"Kiuno kikikaa chini, hata ubandike almasi, mtoto anaonekana kavaa gunia," alisema. "Hili limekaa. Halina harufu, halina doa. Haya, niambie kasoro yake."

"Halina kasoro."

"Kwa mia nane? Dada, mimi si mtoto wa jana."

"Nimechoka kuliona tu."

Noreen alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Macho ya mwenyeji wake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala wiki nzima.

"Mwenyewe kaacha kucheza?" aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mguu. Mfupa umeingia ufa. Daktari anasema akiendelea kuruka utakatika, na hautaunga tena sawasawa."

"Masikini. Atakuwa ameumia moyo."

"Hajasema kitu."

Noreen alitoa bahasha ya fedha, akaiweka juu ya meza. Assumpta hakuifungua. Alitoka, akarudi na wigi la mikunjo linalovaliwa na gauni hilo, ndani ya boksi lake.

"Chukua na hili."

"Hili nalo kiasi gani?"

"Chukua tu."

Walilibeba gauni wawili, kila mmoja upande wake, wakalilaza kiti cha nyuma kama mgonjwa. Noreen alitaka kusema neno la kumfariji mwenzake, akaona mwenzake anatazama saa. Akawasha gari, akaenda zake.

Assumpta alirudi jikoni, akakaa na koti lake mwilini. Akamimina chai. Ikapoa mbele yake.

Saa kumi na dakika tano mlango wa nyuma ulifunguliwa. Sorcha, wa miaka kumi na mitano, aliingia akichechemea, sare ya shule imelowa mabegani. Alisalimia, akapanda juu, ngazi moja moja, mkono ukutani. Kabati la chumbani kwake likafunguliwa. Baada ya muda likafungwa.

Aliposhuka alishuka taratibu zaidi.

"Mama, nguo yangu iko wapi? Mashindano ni kesho. Saa kumi na mbili asubuhi tunatakiwa tuwe njiani."

"Nimeiuza."

"Na wigi?"

"Na wigi."

Maneno ambayo yangefuata Assumpta aliyajua. Alikuwa ameyasikia kichwani tangu Jumatatu, na majibu alishayapanga: daktari, mfupa, maisha yako yote yaliyobaki. Aliinua uso ayapokee.

Sorcha aliketi kwenye ngazi ya chini. Akalegeza kamba za kiatu cha mguu mbovu, akakivua polepole, akakisukuma kando. Akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mbona hukuiuza mwaka jana, Mama?"